Nimelificha Jedwali la Maswali ya Fizikia

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijajiaibisha, maana mimi ni mwalimu wa fizikia, nina miaka arobaini na miwili, mume wangu alifariki miaka saba iliyopita, naishi na mama yangu, na kwa umri huu nilidhani mambo ya kufichaficha makaratasi nimewaachia wanafunzi.

Chanzo ni vitabu. Shuleni kwetu tunatumia kitabu kimoja cha fizikia, jina moja, mwandishi mmoja, lakini nusu ya darasa wana toleo la ndani, la bluu, lenye karatasi nzito, na nusu wana toleo la kimataifa tulilopewa kama msaada, jekundu, karatasi nyepesi mpaka maandishi ya nyuma yanachungulia mbele, na ukivifungua harakaharaka utasema ni mapacha, kumbe sura ya joto kwenye kimoja iko kabla ya mawimbi na kwenye kingine iko baada, maswali yamechanganywa namba, na gari lenye tani moja huku lina tani moja na nusu kule. Hakuna aliyetuambia. Nikasahihisha kazi ya msichana mmoja, nikampa tatu kwa ishirini, akaja ofisini na kitabu chake chekundu, macho yamemvimba.

"Mwalimu, nimefanya swali la tisa. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Kwa kitabu chake alikuwa amepata yote. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima.

Hapo ndipo alipoingia mwenzangu, mwalimu mgeni wa fizikia wa madarasa ya juu, mgane, watoto wake wameshajitegemea, wanafunzi wanamwita Nukta kwa sababu nukta ya desimali isipoonekana vizuri anakata jibu lote. Akasema, "Tutengeneze jedwali, kila swali la bluu tulitafutie mwenzake kwenye nyekundu." Basi kila Jumatano baada ya vipindi tunakaa stoo ya maabara, kati ya mizani na masanduku ya lenzi, mimi nasoma nyekundu, yeye bluu.

"Mpira umerushwa juu wima?"

"Ninao, namba kumi na sita. Wako una kasi gani?"

"Mita ishirini kwa sekunde."

"Wangu kumi na tano. Wa kwangu umerushwa na mtu aliyechoka."

Mshauri, nilicheka mpaka nikaishika meza. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka hivyo. Siku hizi huja na chupa ya chai, na hajaniuliza hata mara moja kama naweka sukari, ameshajua siweki.

Sasa dhambi yangu ni hii. Wiki tano zilizopita ililetwa bahasha kutoka kwa wachapishaji, imeandikwa kwa mkuu wa idara, ambaye ni mimi, na ndani yake mlikuwa na jedwali kamili, sura zote, kurasa kumi na mbili, kila kitu kimeshalinganishwa, nikalisoma nimesimama, nikalikunja, nikalitia kwenye droo ya balbu zilizoungua, nikajiambia nitampa Jumatano, na Jumatano ilipofika akaniambia, "Bado sura kumi na moja, lakini hatuna haraka," tena akapendekeza tumalizie na zile sura tatu za mwisho ambazo hata hazimo kwenye mtaala, eti kwa faida ya baadaye, nikashindwa kuufungua mdomo.

Wiki iliyopita nilitoa kazi ya sura ya sauti, ambayo kwenye jedwali letu la Jumatano hatujaifikia, na nusu ya darasa wakafanya swali lisilo lenyewe. Yule msichana aliniangalia tu. Dada yangu mkubwa anasema, "Nyamaza, mdogo wangu, raha haibishi hodi mara mbili." Mama hajui lolote ila kila Jumatano ananiuliza kwa nini blauzi moja inapigwa pasi mara mbili. Nikilitoa, Jumatano zangu zimekwisha na yeye atajua nilimdanganya. Nikinyamaza, watoto wanaumia. Nifanye nini?

Mwenye Droo

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimecheka na nimekasirika, tena kwa barua moja.

Nianze na hasira. Ulimwomba radhi yule msichana mbele ya darasa, ukafanya jambo la heshima, halafu ukamrudisha kwenye shimo lile lile ukiwa na ngazi kwenye droo. Hilo ni kosa, usilipambe. Dada yako anakupenda, lakini hapa amekupotosha: raha inayolipiwa na alama za watoto wa watu haitakukaa mwilini. Kesho asubuhi, si Jumatano, litoe jedwali, toa nakala, bandika ukutani. Kazi ile ya sauti ifute, uwape nyingine. Na uwaambie kosa lilikuwa lako.

Sasa la huyo bwana. Miaka yote hiyo unafundisha nguvu za mvutano, na hii huioni? Mtu mzima, mwalimu wa siku nyingi, anakuomba mkae kulinganisha maswali ya sura isiyofundishwa na yeyote! Faida ya baadaye ipi hiyo? Anatafuta Jumatano, kama wewe.

Mficha uchi hazai, Mwalimu. Mwambie yeye kwanza, kabla hajaliona ukutani. Usimwandikie, usimtume dada. Mwambie lilifika lini, ulilificha wapi, na kwa nini, na hiyo "kwa nini" usiimeze. Akikunja uso, omba radhi mara moja, unyamaze, usianze kujitetea. Kisha mkaribishe nyumbani siku isiyo ya kazi, mama yako akiwepo, bila kitabu chochote mezani. Wewe si mwizi wa mume wa mtu, ni mjane mwenye akili zake. Acha kujificha stoo.

WIKI TATU BAADAYE ALITUANDIKIA

Mshauri, nilimwambia asubuhi ile ile, tumesimama kwenye korido, kengele ya kwanza haijalia. Aliligeuza jedwali ukurasa baada ya ukurasa.

"Lilifika lini?"

"Wiki sita sasa."

"Na ukalificha kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Akasema watoto wangepaswa kulipata siku ile ile, na alilisema kwa ukali, na nilistahili. Tukaenda pamoja kutoa nakala. Darasa niliwaambia ukweli wa kosa langu, na kazi ya sauti wameirudia. Yule msichana amepata kumi na nane.

Jumamosi alikuja nyumbani. Mama, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote, alimkalisha sebuleni, akampima kwa macho kuanzia viatuni, akamuuliza, "Ile kazi mliyokuwa mkiifanya huko shuleni bado ipo?"

"Imekwisha, mama."

"Sasa umefuata nini hapa?"

Akanitazama mimi kwanza, kisha akamjibu mama, "Nimekuja kwa sababu imekwisha."