Risasi za Protus zenye rangi nyekundu

Selipher, uko? Tangu asubuhi ile kaka Protus alipoanguka kwenye gereji ya hapa kazini asiamke tena, hakuna aliyegusa bunduki ya bosi ya kuwindia. Leo bosi ameitoa.

Dancan dereva ametupeleka shambani, nje ya Riyadh. Bosi akalenga boksi. Akakosa. Akakosa tena! Akasema mbele ya wageni, "Protus ameniharibia bunduki."

Mimi nimeshika birika, nawamiminia wageni gahawa, ile kahawa yao.

Dancan akajibu. Dancan, Selipher! Yule ambaye hajawahi kubishana hata na mbuzi. "Mafi, hapana, baba. Hizo ni risasi za dukani. Protus alirekebisha shabaha ya bunduki hii kwa risasi alizojaza baruti mwenyewe. Usimseme marehemu."

Usimseme marehemu! Kwa bosi!

Bosi akamwambia, "Ukinidanganya, halas, unarudi Kenya." Dancan akaenda kwa gari, akaleta zile ambazo Protus alizipaka rangi yangu ya kucha ili zisichanganyike na nyingine. Unakumbuka nilivyomfokea kwa kuimaliza?

Bosi akapiga tatu. Matundu yote ungeyafunika kwa kikombe kimoja kidogo cha gahawa.

Hakuomba msamaha. Alisema Dancan ana mdomo, ahamie nyumba ya Jeddah akalinde geti.

Dancan akacheka. "Nitahama, baba. Lakini umeona."

Umeona! Alimwambia hivyo machoni!

Kesho anaondoka. Risasi nyekundu zimebaki nne, na hapa hakuna anayejua kujaza nyingine.