Unga wa Dume

Pete, 4 Februari 2024

Mwanangu Nadhira,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila goti langu linajifanya mtabiri wa mvua. Mama yako anakuuliza kama huko milima ya India unakula ukashiba.

Mtapo ule jike nyuma ya nyumba, wenye makuti kama mnazi mfupi, wa mwisho hapa kwetu, umetoa tunda lake kama nanasi. Mama yako anataka kujenga vyumba pale pale. Nimemwomba asubiri tupate mbegu. Kasema, "Usipozaa, Kaka, nnaung'oa."

Madume nayo yalishang'olewa zamani kupambia mahoteli. Nikaenda kwenye hoteli moja huko pwani, nikamwambia mtunza bustani, "Nnataka unga wa dume." Akazitazama mvi zangu. "Mzee, dawa hizo nenda sokoni Darajani." Hadi nimfahamishe kuwa ni vumbi la mtapo dume, la kuuzalisha ule jike, jiko zima linacheka. Kanifungia kwenye gazeti, nami nikaja nikaunyunyiza kwenye tunda kwa bismillahi.

Hao dubu wako unaowachunguza huko wana miguu. Wanashindwaje kutafuta wenza?

Mjomba wako,
Silima

Himachal, 20 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumai goti limepoa. Mimi nashiba, mwambie Mama.

Miguu wanayo, lakini barabara mpya imelipasua bonde. Jike langu kongwe linazunguka upande huu, madume yapo ng'ambo. Mtapo umezuiwa na mizizi, yeye kazuiwa na malori. Tofauti ni kwamba dubu akipigwa picha watu wanalia, wanamchangia pesa. Mtapo hauna macho ya kumtazama mtu.

Mwanao,
Nadhira

Himachal, 9 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Kimya chako kinanitia wasiwasi. Afya yako vipi?

Mwaka huu tena dubu wangu hana mtoto. Mwalimu anayenisimamia anasema bonde hili limekwisha, tuhamishie kwingine kamera zetu za kuwapiga picha. Nimwache? Na za mtapo nambie kweli, usinifiche.

Nadhira

Pete, 2 Disemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mzima mimi. Nilikaa kimya kwa sababu mbegu zilikuwa hazijaiva.

Jana zimeiva, nyekundu, za kupendeza. Nikazitia kwenye beseni la maji: yenye uhai huzama, tupu huelea. Mama yako kasimama pembeni, na fundi Jecha na kamba yake ya msingi.

Zimeelea zote.

Mama yako akachukua mbegu moja, akaipasua kwa kisu, akatazama ndani mlivyo mtupu. Kisha akasema, "Jecha, sogeza kamba huko, uupishe mtapo."

Nikamwambia, "Si tulikubaliana? Haukuzaa."

"Na wewe hukuzaa, Kaka. Tumekung'oa?"

Jecha akainama, akajifanya anatafuta kigingi.

Mwalimu wako anaijua kazi yake, mimi siwezi kumfundisha. Lakini umeniuliza, na jibu nililonalo ni hilo la mama yako. Huko baridi imeshaingia. Vaa sweta mbili ukienda kumtazama dubu wako.

Mjomba wako,
Silima