Aliyerithi Jina la Baba

Jumatatu, 10 Juni 1974

Kadi za harusi za watu wa Mikindani. Bwana harusi kabadilisha siku mara mbili. Nimefumua herufi, nimepanga upya. Wino mzito kwa baridi ya asubuhi, nikauweka juani kwanza. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Leo siku ya thelathini tangu tumzike Baba.

Kaka Hamisi kaingia kiwandani bila hodi. Kaizunguka mashine, kaigongagonga kama anachagua tikiti. Kaniuliza ina umri gani. Nikamjibu inamzidi yeye. Hakucheka. Kaondoka bila kuaga. Sijui alitaka nini. Najua. Hapana, sijui.

Jumatano, 12 Juni

Ngoja niandike mali ya Baba, maana kila mtu anaitaja kwa namna yake na mimi kichwa kimeanza kuniuma. Mashine ya chapa hapa Chuno. Makasha ya herufi za madini ya risasi, za kupangia maneno, kazi yangu tangu nilipoachika, mwaka wa sita sasa. Gari la matangazo lenye vipaza sauti viwili. Mashine ya sinema, ambayo gari hilo huizungusha vijijini, isipokuwa Kitaya, tangu vita vya ng'ambo ya mto viipige barabara. Na gazeti, *Kengele ya Ruvuma*, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi.

Mtu akifa Mtwara, tulimtangaza sisi. Akioa, kadi yetu. Akichaguliwa, picha kwetu. Watu walimwita Baba "Serikali Ndogo". Alijifanya hapendi.

Gazeti la Mei halikutoka kwa sababu ya msiba. Kibali kinasema miezi miwili mfululizo bila gazeti, kibali kimekufa. Kwa hiyo tarehe 29 lazima litoke. Nimemwambia Hamisi. Kasema tumalize arobaini kwanza. Arobaini ni tarehe 20. Zitabaki siku tisa, na hakuna hata mstari uliopangwa.

Ijumaa, 14 Juni

Wamefika Shangazi na mwanawe Shaibu, kutoka Mahurunga. Wamekuja na muhogo mkavu magunia mawili na kuku watatu. Wamekuja kukaa, hilo ni wazi.

Shaibu ni mkulima. Mwaka jana walihamishiwa kijiji cha ujamaa, mikorosho yake ikabaki mbali, mwendo wa saa tatu. Kakonda. Lakini utani haujamtoka. Kaniona tu: "Mke wangu, mbona umekuwa mweusi hivyo vidole, unapika masizi?" Binamu watani. Nimemjibu kwamba mume asiyeleta hata sukari sina habari naye. Tumecheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha Shangazi kaingia ndani kwa Mama, aliyekaa eda, na kutamka bila kuzunguka. Kasema kaka yake alikuwa Mmakonde kabla ya kuwa tajiri. Anayemrithi mjomba ni mpwa. Shaibu atachukua jina, na jina litachukua vyake.

Hamisi alikuwa mlangoni. Kasema sisi Waislamu, mirathi yetu imeandikwa. Shangazi kamuuliza kwani yeye Shangazi anaswali kuelekea wapi.

Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nilikubaliana na Hamisi. Kisha na Shangazi. Kisha nikajikata kidole.

Jumatatu, 17 Juni

Leo nimeuliza kila mtu peke yake.

Hamisi anasema Baba alimwambia, Idi iliyopita, "Kila kitu ni chako, mwanangu."

Shaibu anasema, "Njomba alinishika mkono pale mtoni, akanambia utakaa kiti changu." Shaibu hajui kudanganya. Akidanganya hufumba jicho moja. Hakufumba.

Na mimi. Mimi Baba aliniambia, mwaka juzi, mashine ilipokuwa inanguruma na mikono yetu sote wawili imejaa wino, "Zainabu, gazeti hili ni wewe." Sijawahi kumwambia mtu. Nilidhani ni siri yetu sisi wawili, kumbe kila mtu na siri yake.

Alituahidi wote. Aliahidi kila aliyekuwa karibu. Nina hasira na marehemu. Ni dhambi na naiandika.

Jumanne, 18 Juni

Maalim kaja kupiga hesabu ya mirathi. Mama thumuni. Kinachobaki, Hamisi sehemu mbili, mimi moja. Shaibu hana fungu. Maalim kashauri viuzwe vyote, tugawane thamani. Hamisi na mimi tukakataa kwa pamoja, kwa sauti moja, mara ya kwanza tangu utotoni. Yeye hataki watu wajue thamani ya mali. Mimi sitaki viuzwe.

Basi wazee wakagawa vitu vyenyewe, kwa macho. Hamisi: mashine ya chapa, gari, sinema. Mama: karatasi zote na kisu cha kukatia. Mimi: makasha ya herufi. Kila mtu kashukuru. Wazee wakanywa chai.

Baadaye, nafagia, ndipo nikaelewa tulichokifanya. Mashine bila herufi ni chuma. Herufi bila mashine ni mzigo. Na karatasi ziko uvunguni mwa kitanda cha mwanamke aliye edani. Wapumbavu sisi. Nami nilitia sahihi.

Alhamisi, 20 Juni

Arobaini. Dua, ubani, wali. Watu wengi kuliko siku ya mazishi, maana leo kuna chakula.

Wageni wa mjini walipoondoka, wakabaki wa Mahurunga. Wakamkalisha Shaibu kwenye mkeka. Wakamvika kanzu ya Baba na kofia ya Baba. Kofia ilimzidi, ikamshuka masikioni. Shangazi kammwagia unga kidogo kichwani na kusema jina la Baba mara tatu. Bakari Namtimba. Wote wakaitikia. Kisha mmoja mmoja tukaenda kumwamkia. Hivyo ndivyo ilivyo. Aliyepokea jina ndiye. Mtoto wa marehemu humwita baba, hata kama alimzidi umri.

Hamisi katoka nje, kapiga mlango.

Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti. Huyu aliyeniita mke wangu Ijumaa. Nilisema "shikamoo" tupu, bila kumwita Baba. Kasema "marahaba, mwanangu." Hakutania. Hakufumba jicho. Nimeumia kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa na mtani mmoja tu.

Ijumaa, 21 Juni

Hamisi katia kufuli mlango wa kiwanda. Herufi zangu ziko ndani. Nimepita mara tatu kuliangalia.

Jumatatu, 24 Juni

Siku tano.

Hamisi ana mnunuzi, mtu wa Masasi anayeitaka mashine. Huyo mtu hana haja na gazeti. Hamisi anasema atanipa kazi ya kuuza tiketi za sinema. Kasema kwa upole kabisa, na kwa kweli anadhani ananisaidia. Kuhusu herufi, kasema wavuvi wa Mikindani wanatafuta risasi za kufunga kwenye nyavu. Wataziyeyusha. Amekwisha kuongea nao.

Nilimwangalia. Makasha yale nayajua hata nikifumba macho. Mkono unakwenda wenyewe. Kama herufi zitakwenda baharini kuzamisha nyavu, mimi sina kazi nyingine ninayoijua, na nitarudi kuwa mwanamke aliyeachika anayekaa kwa mama yake.

Kwa nini sikulia? Nilikwenda kupanga foleni ya sukari. Ikaisha kabla yangu.

Jumatano, 26 Juni

Mwenye mashine ni Hamisi. Ila kibali kiko kwa jina la Bakari Namtimba, na Bakari Namtimba yuko barazani anamenya muhogo. Nimemfuata. Nimemwambia twende wilayani, athibitishe kibali ni chake, kabla hakijafa. Kavaa kanzu, kakunja kofia kwa ndani ili imkae.

Bwana wa habari wa wilaya alikuja mazikoni kwa Baba. Alishika jeneza. Kauliza mwenye kibali ni nani. Shaibu: "Ndimi."

Bwana yule kaitazama kofia ya Baba.

Kisha bwana yule katoa kitabu na kusema yeye mwenyewe ana jina la babu yake, bibi hadi leo anamwita "mume wangu." Ila, kasema, mhariri aandike hapa kwamba gazeti linaendelea, na atie sahihi. Shaibu kaiangalia kalamu. Kaiacha. Kachovya dole gumba kwenye wino.

Sikujua. Wallahi sikujua. Tumekua pamoja kila likizo na sikujua.

"Mhariri anatia dole?" Nikadakia: "Mkono umemteguka, ndugu, alikuwa anabeba magunia." Nilidanganya ofisini, mbele ya picha ya Rais ukutani. Bwana yule kanitazama muda, kisha kagonga muhuri. Sijui tumefanya halali au tumefanya uhuni. Nilitembea hadi Chuno nikiwa mbele, Shaibu nyuma.

Alhamisi, 27 Juni

Asubuhi nimemwambia Hamisi kibali kimepona, mradi gazeti litoke tarehe 29. Kasema vizuri, mkapige chapa kwa meno. Mtu wa Masasi anakuja Jumatatu.

Shaibu kamwomba ufunguo. Kaomba kistaarabu. Hamisi kamwita mchimba muhogo, mbele ya majirani. Shaibu kanyamaza. Kanyamaza namna ya Baba, kidevu juu, na mimi nywele zikanisimama.

Hapo nikalisema. Sikulipanga. Nilisema, "Kaka Hamisi, Baba anataka ufunguo."

Shangazi akaweka mkono mdomoni. Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya Mama, ambaye tangu msiba hajapaza sauti: "Hamisi. Humsikii baba yako?"

Hamisi kalia. Mwanaume mzima, ana mvi mbili. Katoa ufunguo mfukoni, kautupa chini, sio kwangu, sio kwa Shaibu, katikati. Kasema mashine ni yake na ataiuza akitaka, ila hataiuza mwezi huu. Kaenda zake.

Nilidhani nitafurahi. Mama alisema vile kwa ajili yangu, au kwa sababu anaamini? Nimemuuliza. Kasema, "Nenda kazini."

Jumamosi, 29 Juni

Limetoka. Kurasa nne. Siku mbili nimepanga peke yangu: msimu wa korosho, kivuko, waliofariki, waliooana, maji ya Chuno. Tahariri nimeandika mimi, kuhusu vijiji, kwa uangalifu mwingi. Karatasi Mama katoa mwenyewe uvunguni. Shaibu kazungusha gurudumu la mashine tangu alfajiri, ana mikono ya jembe, haichoki. Hamisi kaja saa nane, hakusalimu, kachukua magazeti, kayapakia kwenye gari. Vipaza sauti nimevisikia hadi sokoni. "*Kengele ya Ruvuma*, la Bakari Namtimba!" Sauti ya Hamisi hiyo.

Basi ni la nani? Kichwa kinaniuma. Nimelala mchana na viatu.

Jumapili, 30 Juni

Kumetulia. Shangazi karudi Mahurunga. Shaibu kabaki.

Nimemkuta kiwandani, kwenye kiti cha Baba, na gazeti mkononi. Kalishika muda mrefu, kwenye ukurasa ule ule. Nilijifanya nafuta rola ya wino. Mwishowe kasema, bila kuniangalia, "Nisomee, mwanangu. Nataka kujua nimeandika nini."

Nilitaka kumcheka. Nilitaka kumwita mume wangu, nimwambie asome mwenyewe. Sikuweza lolote kati ya hayo. Nilivuta kigoda nikakaa miguuni pake.

Nimemsomea yote. Kwenye habari za waliofariki kavua kofia. Kwenye tahariri kasema, "Hapo nimesema kweli." Nikasema ndiyo, hapo umesema kweli. Jina langu halimo popote. Kila herufi niliiweka mimi, na hilo sikuliweka, wala sikumbuki kama nilisahau au niliogopa.

Mwisho kabisa, chini ya ukurasa wa nne, pameandikwa mhariri ni nani. Nikasoma: Bakari Namtimba. Kaniomba nirudie hapo.

Nikarudia.