Niliita kazi yangu secrétariat

Kabondo, Alhamisi. Mvua imepiga tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu tu. Nimechoka, nina aibu, na chai yangu imepoa bila kunywewa.

Leo nimewarudisha watu waliokuja kwangu na karatasi mkononi. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenye TFC yake, ile kazi ya utafiti ya mwisho wa masomo, kwenye clé USB. Alitaka nimchapie kwenye karatasi kabla profesa hajaondoka. Kisha akaja mama mmoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anataka kopi. Halafu wanafunzi wengine, viatu vimejaa matope. Mimi sina imprimante, mashine ya kuchapia. Sina hata waya wake.

Kosa ni langu mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuja kuomba chumba hiki kwa Mama Salima, mjane mwenye nyumba, naye akaniuliza kazi gani itafanyika ndani. Nikajibu kwa kujiamini, "Marketing digital." Akakunja uso. Nikaona nimsaidie kuelewa, nikaongeza kwamba ni kazi ya internet, ya telefone, na hapo ndipo nikaharibu kabisa. Waliopanga kabla yangu walikuwa vijana wenye simu nyingi, waliokuwa wakiwatapeli watu mtandaoni mpaka polisi wakaja kuwachukua mbele ya majirani wote. Mama Salima ni wa familia ya zamani ya Waislamu wa mji huu, watu wanamheshimu, na siku ile alitamani ardhi impasukie.

"Mambo ya telefone mu nyumba yangu, hapana tena," akaniambia.

Nami chumba nilikitaka sana. Kwa tonton, mjomba wangu, kule Simi-Simi nilikuwa nikiwapokea wateja sebuleni, watoto wakikimbizana kati ya miguu yetu na televisheni ikipiga kelele. Mteja gani atakuamini hivyo? Basi nikasema, "Bon, mama, iko kama secrétariat." Uso wake ukafunguka palepale. Secrétariat anaijua: watu wanakuja, unawachapia, unawatolea kopi, wanakwenda zao. Akanipa ufunguo.

Nilijiambia si uongo. Naandika, si ndiyo? Natumia kompyuta, si ndiyo?

Ulikuwa uongo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wale watu wote wa leo walitumwa kwangu na Mama Salima mwenyewe. Bila hata kuniambia, amekuwa akinisifu kwa majirani, kwa wanafunzi, kwa wanawake anaosali nao: nimepata mpangaji mzuri, nendeni mkamwone. Mimi ninayelipwa kutangaza kazi za watu nimetangaziwa bure na mama huyu, tena vizuri kuliko ninavyofanya mimi, kwa kazi nisiyoifanya.

Mchana nimekaa kutafuta jina la kweli la kuandika kwenye kibao cha mlangoni. "Masoko ya kidijitali" nililisoma kwenye blogu za Watanzania nikalipenda, lakini nilipomjaribia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliniuliza soko hilo linajaa siku gani. "Communication" hapa kwetu ni kazi ya kila mtu mwenye koti. Ukisema "publicité", watu wanangoja gari lenye spika lipite avenyu kwa avenyu. Nimeandika na kufuta mpaka nikajicheka, kwa sababu niliona ninachotafuta ni neno la kunifanya nionekane mkubwa.

Nikaacha majina, nikajiuliza jana nilifanya nini. Jana nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga kwa Mama Bibiche, anayeuza samaki wa kukaushwa. Nikampigia samaki picha, nikaandika bei na mahali anapokaa, nikaweka Facebook na WhatsApp. Jioni nikajibu waliouliza kama samaki wana mchanga. Hawana. Wengine wamesema watavuka Jumamosi kununua. Basi, kazi yangu ndiyo hiyo.

Baada ya sala ya alasiri nikaenda kwa Mama Salima. Alikuwa amekaa anachambua pondu, majani ya muhogo. Nikamweleza yote, nikitazama majani zaidi kuliko uso wake.

"Donc bale batu nilitumaka, ulibarudisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na mutoto ya dada yangu, ule wa TFC?"

Nilikuwa sijui kama ni mtoto wa dada yake. Nikaitikia kwa kichwa tu. Alichambua kidogo, kisha akaniuliza ninafanya nini hasa mle ndani kutwa nzima.

"Mama, kuko batu banauza bitu ya muzuri na hakuna mutu anabajua. Minapiga bitu yabo picha, minaandika, minaweka ku telefone batu baone. Bakiuliza, minajibu."

Nilijivunia. Maneno yalikuwa mepesi, ya kweli, hayana hata neno moja la kujionyesha. Nilidhani nimeyapata.

"Bale bavulana nabo balikuwa na maneno ya muzuri," akasema. "Balisemaka iko agence."

Mchana kutwa nimehangaika na majina, na wala sikufikiria kwamba huyu mama alishapewa jina zuri, la wakala, na vijana wale waliomwaibisha. Nilijua atadai ufunguo wake, na nilikuwa nao mfukoni tayari kuurudisha. Machozi yalikuwa karibu, nisijidanganye.

"Kibao, andika vile unapenda," akasema. "Mais mulango usifungake. Kesho nitaleta kiti yangu, nikae, nione."

Nimerudi hapa chumbani na kuandika maneno ya kibao: "Tunatangaza biashara yako kwenye simu na kujibu wateja wako." Ni marefu, mchoraji atanung'unika. Akinung'unika na anung'unike.

Asubuhi nitafungua mlango wote na kuuwekea jiwe usirudi. Meza nimeshaisogeza, ili kutoka mahali atakapokaa Mama Salima aone kioo cha kompyuta chote.