Kipkemoi Mezani Kwangu

Jumanne, 4 Machi 2025

Jepkorir ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Eldoret tena! Mkutano wa ushirika wa maziwa, siku mbili, kulala huko huko. Kila baada ya wiki mbili ni hivi. Maziwa gani hayo yanayojadiliwa hadi watu walale hotelini? Amevaa blauzi ya kijani niliyomnunulia Krismasi. Mimi nimeachiwa Cate wa kupeleka shule, chai kwenye thamosi, na agrovet yangu, duka la dawa za mifugo, ya kufungua.

Ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: shida si mkutano. Ni Kipkemoi. Katibu wao. Akipiga simu, Jepkorir anacheka kabla hata ya kusema haloo. Mimi nikipiga ananiuliza kama nimenunua unga.

Jumatano, 5 Machi

Amerudi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda. Eti Kipkemoi amenitumia, mamake ndiye ametengeneza. Amenitumia mimi! Mtu hajui hata sura yangu. Na huyo mama ameingiaje katika mambo haya? Nimekisukuma ndani kabisa ya friji, nyuma ya sukuma wiki.

Jioni nikaonja. Ni tamu. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeongea na Jepkorir kiutu uzima. Nimemweleza faida za mikutano ya mtandaoni. Hakuna uchovu wa safari. Hakuna kupishana na malori ya Salgaa, pale pa ajali. Hakuna kulala kitanda cha wageni. Ukimaliza unafunga laptopu, uko kwako, mtoto anakuona. Kila neno kweli tupu! Akanitazama, machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua nilikuwa naogopa hivyo akiwa barabarani.

Nikajiona mwizi. Kwa dakika moja hivi. Kisha nikampigia fundi wa faiba aje atuwekee intaneti.

Jumanne, 18 Machi

Ushirika umekubali. Mkutano wa kwanza umefanyika kwenye meza yetu ya kulia — Jepkorir blauzi ya kijani juu, leso kiunoni, slipa miguuni. Nilifunga duka nikaja "kuchukua risiti". Nikafagia nyuma yake mara tatu, lakini mwanga wa dirisha ulifunika nyuso kwenye skrini. Mara ya tatu akazima maikrofoni.

"Baba Cate, uko kwa picha. Na hiyo shati!"

Halafu wakaingia Kikalenjin. Kicheko! Nikasikia jina langu, Thuo, mara mbili. Miaka kumi na moja ya ndoa na sijui zaidi ya chamgei, salamu tu.

Mjinga ni mimi. Zamani Kipkemoi alikuwa Eldoret, mwendo wa saa tatu. Sasa yuko ndani ya nyumba yangu hapa Free Area, kati ya chumvi na bakuli la sukari, na aliyemwekea faiba ni mimi mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza walikuwa wanacheka nini. Anasema Kipkemoi alinisifu, eti Jepkorir ana bahati ya mume anayefagia mchana kweupe. Nikacheka pia. Sikuona cha kuchekesha.

Akaniambia Jumanne ya tarehe moja ndiyo siku yake. Ataeleza mpango wake wa mtambo wa kupoza maziwa kule Subukia, kisha wapige kura. Ameufanyia kazi mwaka mzima.

"Siku hiyo nataka nyumba itulie. Uwe duka. Promise?"

Nikaahidi.

Jumanne, 1 Aprili

Niko chumba cha kulala. Mlango nimeufunga. Naandika mkutano ukiendelea bado sebuleni.

Duka nilienda, kweli. Saa nne nikarudi kupitia mlango wa jikoni, viatu mkononi. Linki ya mkutano huingia pia kwenye tableti ya Cate, yeye na mamake wanatumia akaunti moja. Nilitaka tu kumwona huyo mtu uso wake, mara moja, nitoke. Nikabonyeza. Wakaniruhusu!

Huyo hapo. Kipara. Miwani ya kusomea imeteleza hadi puani. Mtu wa kawaida kabisa! Lakini Jepkorir akieleza, yeye anaandika. Kila kitu. Asipoelewa anasema, "Hapo, Jepkorir, rudia kidogo." Najua ni katibu, ndiyo kazi yake. Hata hivyo. Mimi mara ya mwisho kumwambia arudie kidogo ilikuwa lini? Wivu wa zamani ulikuwa wa kichwani. Huu umeshuka hadi tumboni.

Ndipo tableti ikaanza kupiga kelele. Maikrofoni ilikuwa wazi! Sauti ya Jepkorir ikatoka sebuleni, ikaingia humo, ikarudi kwao kama mluzi. Nikabonyeza kila kitu nilichoona. Nikawasha kamera.

"Kuna echo," Kipkemoi akasema. "Kuna mtu ameingia hapa kama Cate." Akasogeza miwani. "Jepkorir, kwani huyu si mzee wako? Ule wa kufagia?"

Halafu Jepkorir, bila kupandisha sauti:

"Ni yeye. Pole sana, wajumbe. Tuendelee na kura. Na Katibu, andika kwa minutes: mkutano ujao nakuja Eldoret mwenyewe. Na ule mwingine. Yote."

Kipkemoi akaandika.

Nimefunika tableti kwa mto lakini bado nawasikia wakiitwa jina kwa jina. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Sasa ni makofi — mpango wake umepita! Ningekuwa pale mezani ningemshika mkono.

Kiti kimesogezwa. Slipa zinakuja, polepole. Zimesimama mlangoni. Hajabisha. Nami nimeshika kalamu hapa, na huo mtambo wa Subukia sijui hata utapoza lita ngapi.