Nyota Tano za Ng'ambo ya Barabara

Baba Pacha,

Uji uko kwenye chupa. Maharage nimeyaloweka, yabandike saa nne. Nimewahi mgahawani, maana mpishi wangu kahamia kwa wale wapya wa ng'ambo ya barabara, na nusu ya wateja wamemfuata.

Hilo nimelimeza. Lakini asubuhi hii ulipokuwa unakoroma, wifi kaja kunisomea simu yake, kajishika mbavu kwa kicheko: "Kaka kawapa wale nyota tano! Kaandika, 'Hapa unapokelewa kwa tabasamu.'" Tabasamu la nani, Baba Pacha? La yule dada wa mlangoni? Mwaka mzima naomba nyota, hata moja ya kunizuga, unasema hujui pa kubonyeza!

Pacha wasitoke bila sweta.

~~Leo usikanyage kwangu.~~ Njoo saa saba, meza zikiwa tupu. Kaa dirishani, ule polepole. Mpita njia haingii penye viti vitupu, ila akimwona mwanamume anatafuna kwa raha, atasogea. Na hiyo raha, tafadhali, iwe ya kweli.

Mkeo, Mama Pacha