Pikapu Iliyokosa Pumzi

Kihonda, Morogoro

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba, mume mwenzangu. Huku tu wazima. Bibi yako amerudi jana toka kwao Matombo na magimbi, na anasema mumewe wa Dodoma amemsahau.

Unauliza kama uiuze hiyo pikapu ya zamani unayoifufua uani, maana inawaka vizuri, ikienda kidogo inazima. Subiri kwanza.

Yangu ilinitesa hivyohivyo nikiwa kijana. Nilisafisha kabureta, nikabadili plagi, nikagombana na mafundi. Kila ilipozima nilifungua tangi, nikakuta petroli ipo, nikafunga, nikapiga stati, ikawaka. Nikajisifu kwamba ni mkono wangu.

Bibi yako alikuwa amekaa pembeni akimenya ndizi. Akasema, "Baba Asha, kila ukifungua hilo tangi linavuta pumzi. Wewe unasikiliza injini tu."

Kifuniko kilikuwa kimepotea, nami nimeziba mdomo wa tangi kwa nailoni na kuikaza kwa mpira wa tyubu, vumbi lisiingie. Hewa nayo haikuingia, ndiyo maana petroli ikagoma kutoka. Tulitoboa ile nailoni kwa sindano, tukapanda milima hadi Matombo bila kuzima.

Basi anza na kifuniko kabla hujashika spana. Mama yako naye analalamika kwamba tangu gari likushinde hupokei simu. Mpigie leo, nami nitakuwa karibu naye. Ukipiga stati, simu iache hewani, hata ikikataa kuwaka. Tutasikiliza pamoja.

Babu yako